Sikio la Kuazima

Ukilifungua faili la wimbo kwenye kompyuta na kulitazama jinsi lilivyo, hukuti pigo hata moja. Unakuta namba tu, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande wa spika, zikipanda na kushuka kufuata mtikisiko wa hewa uliorekodiwa studio. Hakuna namba iliyotiwa alama kwamba hapa ndipo mguu unapotua. Mtoto hulipigia pigo makofi kabla hajajua kuhesabu, bibi harusi hulikatikia bila kuliwaza, ila kwenye faili halimo. Limo kwa anayesikiliza. Kwa hiyo wale wanaoifundisha programu ya DJ kutambua kasi ya wimbo, kisha kuzioanisha nyimbo mbili zikaenda mguu sawa, hawapimi kitu kilichokaa kikisubiri kupimwa. Wanaamua. Kila programu inayotangaza kwamba wimbo huu una mapigo 124 kwa dakika imeazima sikio la mtu fulani mahali fulani, hata kama jina lake halikuandikwa popote. Naona ni ufundi unaostahili kusifiwa kama unavyosifiwa ufundi wowote wa muziki, na naona pia kwamba hautasonga mbele kwa nguvu ya kompyuta peke yake. Utasonga kwa kuazima masikio mengine zaidi ya yale uliyoanza nayo.

Kabla ya programu, sikio lilikuwa la DJ mwenyewe. Katika ukumbi wa Sanctuary jijini New York, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Francis Grasso alijipatia jina kwa kupiga santuri mbili kwa wakati mmoja, ngoma za hii zikiangukia juu ya ngoma za ile, hata wachezaji wasijue wimbo wa kwanza umeishia wapi. Mwaka 1979 ikatoka Technics SL-1200MK2 kutoka Japani, yenye mota inayoizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, na kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Wimbo wa mapigo 120 uliweza kushushwa hadi 110.4 au kupandishwa hadi 129.6, na ndani ya nafasi hiyo finyu ukajengwa ufundi mzima. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili ambazo msikilizaji wa kawaida hazitenganishi. Kwanza kasi: nyimbo zote mbili ziende sawa. Pili nafasi: hata zikienda sawa, moja inaweza kuwa nyuma kwa nusu pigo na kubaki hivyo hadi mwisho, kila ngoma ikijibiwa na ngoma nyingine isiyoalikwa. DJ aliweka sikio moja kwenye hedifoni na kuliacha lingine ukumbini, akatelezesha, akaigusa sahani kwa ncha ya kidole, akasikiliza tena. Aliyezoea alimaliza yote hayo kabla wimbo unaochezwa haujafika kwenye ubeti wa mwisho.

Mashine nazo zilikuwa zimeanza kuusogeza muziki uelekee kwake. Roland walipotoa TR-808 mwaka 1980 na TR-909 mwaka 1983, nyimbo nyingi za dansi zilianza kupigwa na saa badala ya mkono, na wimbo unaopigwa na saa una kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bila hilo, kompyuta za miaka ya mwanzo zisingethubutu kuigusa kazi hii.

Sasa tazama jinsi mashine inavyosikiliza. Mwaka 1998 Eric Scheirer, akiwa MIT nchini Marekani, alichapisha utafiti ambao bado unafaa kusomwa. Aliugawa muziki katika bendi sita, toka sauti nzito hadi nyembamba, na katika kila bendi akaitupa melodia yote, akabakiza tu jinsi sauti inavyopanda na kushuka kwa nguvu. Kisha akavisha mipando na mishuko ile juu ya kelele tupu, ule mvumo wa redio isiyo na stesheni. Aliyesikiliza kelele ile bado alisikia mdundo wa wimbo wa awali. Maneno yamekwenda, gita limekwenda, mdundo umebaki. Baada ya hapo alipanga safu ya vichujio, kila kimoja kimetegwa kuitikia kasi yake, na kile kilichoitikia kwa nguvu kuliko vingine ndicho kilichotoa jibu. Kinachonivutia katika kazi ile ni kwamba uamuzi wa kwanza haukuwa wa hesabu. Ulikuwa wa usikivu: kujua cha kutupa.

Anayedhani kilichobaki ni hesabu nyepesi ajaribu mwenyewe. Tuseme programu inaukata wimbo vipande vya milisekunde 10 na kuutafuta mdundo kwa kuulinganisha wimbo na nakala yake iliyocheleweshwa kidogo kidogo, mpaka nakala na asili zifanane. Wimbo una mapigo 180 kwa dakika, yaani kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 333 na kidogo. Kwa vipande vile, nakala inaweza kucheleweshwa kwa 330 au 340, basi, 333 haipo. Ya kwanza inatoa jibu la mapigo 181.8, ya pili 176.5. Jibu la kweli limekaa katikati ya meno ya chanuo. Wanaoandika makala za utafiti hawaumii sana na kosa la namna hii: katika mashindano ya kutambua kasi yaliyofanywa mwaka 2004, ambayo matokeo yake Fabien Gouyon na wenzake waliyachapisha mwaka 2006, jibu lilihesabiwa sahihi likiwa ndani ya asilimia 4 ya kasi halisi. Kwa wimbo wa mapigo 128 hiyo ni zaidi ya mapigo matano kwa dakika, huku au kule. DJ akichanganya nyimbo kwa usahihi huo, ukumbi utamgeukia kabla hajafikisha sekunde kumi.

Usahihi anaouhitaji yeye ni wa aina nyingine kabisa. Chukua nyimbo mbili, moja ina mapigo 128 kamili, nyingine programu imeikosea kwa mapigo 0.05 tu. Baada ya dakika tano zimeachana kwa robo ya pigo, milisekunde 117, na haihitaji hata dakika moja kufika milisekunde 20, pale ambapo ngoma mbili zinaanza kusikika kama ngoma moja yenye kigugumizi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Dawa waliyoipata mafundi ni uvumilivu: wasilipime pigo moja na kulizidisha, bali watafute pigo la mwanzo na pigo la mwisho, wahesabu yaliyo kati yake, kisha wagawanye, mithili ya fundi cherehani anayeupima urefu wa kanzu kwa utepe mmoja kutoka bega hadi kifundo badala ya kujumlisha shubiri. Katika wimbo wa dakika tano, kosa la milisekunde 10 mwishoni linapungua mpaka kuwa takribani mapigo 0.004 kwa dakika. Halafu ikaja hila moja ndogo ninayoipenda kuliko zote. Mtayarishaji akikaa studio huandika kasi kwa namba kamili, 126 au 128, kwa sababu ndivyo binadamu wanavyoandika namba. Hivyo hesabu ikileta 127.997, programu yenye busara huisukuma ikawa 128. Hapo haijasikia kitu kipya kwenye sauti. Imekumbuka tabia ya watu.

Na kuna ufundi wa kutafuta kosa lisilo la mtu. Ma-DJ waliohamisha maktaba zao kutoka programu moja kwenda nyingine walikuta gridi ya mapigo, ile mistari inayochorwa juu ya wimbo kuonyesha kila pigo lilipo, imesogea. Haikusogea katika nyimbo zote, na pale iliposogea ilikuwa kwa kiasi kilekile: milisekunde 26. Kiasi hicho kinatosha kuichafua miksi yote, na hakitoshi kukuonyesha nani mkosaji. Chanzo kilikuwa katika umbo la faili la MP3. Faili hilo limepangwa kwa fremu, kila fremu ina sampuli 1,152, zile namba za sauti nilizoanza nazo, na ukizigawanya kwa 44,100 unapata milisekunde 26 na nukta. Baadhi ya programu za kutengeneza MP3 huweka mwanzoni fremu moja isiyo na muziki, yenye taarifa za faili tu. Programu moja inayosoma MP3 huiruka, nyingine huipiga kama ukimya. Programu zote mbili zilikuwa zimeweka gridi yake mahali pake, kila moja kwa saa yake. Kulitibu kosa hilo kulihitaji mtu akae achunguze ni chombo gani kilichotengeneza kila faili, kisha aisogeze gridi pale tu inapostahili kusogezwa. Kazi ya namna hii haiandikiwi tangazo, na anayefaidi hajui kwamba kuna aliyekesha.

Mpaka hapa ufundi unaonekana kama vita dhidi ya makosa madogo, na mpinzani anaweza kusema: sawa, mmevishinda, basi kazi imekwisha. Lakini kosa kubwa la fani hii si dogo hata kidogo, ni la maradufu. Programu inasema 75 pale mchezaji anapocheza 150, au 140 pale anapocheza 70. Kwa hesabu tupu majibu yote mawili yana haki, kwa kuwa nakala iliyocheleweshwa kwa mapigo mawili inafanana na wimbo sawa na ile ya pigo moja. Ndiyo maana mashindano niliyoyataja yalikuwa na vipimo viwili, na kile cha pili kilikubali pia jibu la nusu, la mara mbili, la theluthi na la mara tatu. Majaji wenyewe walikiri kwamba sauti haiamui. Ili iamue, mtu anaweka mzani. Dan Ellis wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika mbinu yake ya mwaka 2007 iliyokuja kutumiwa na wengi, aliweka mzani unaoegemea mapigo 120 kwa dakika: majibu yakigombana, lililo karibu na 120 linapendelewa. Hakuutunga hewani. Watafiti walikuwa wamewakalisha watu, wakawapigia muziki, wakawaomba wagonge vidole, na wengi waligonga karibu na kasi hiyo. Ni uamuzi mzuri. Lakini ni uamuzi, na una kwao.

Uchukue uamuzi huo uupeleke Manzese, Tandale au Mburahati. Singeli ya Dar es Salaam hupigwa kwa mapigo 200, na haiogopi kukaribia 300. Dunia ya nje iliisikia kwa upana mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na wengi walidhani mashine imeharibika. Programu za DJ nazo zilidhani hivyo. Nyingi humpa mtumiaji achague masafa ya kasi, tuseme 78 hadi 155, au 98 hadi 195. Angalia namba hizo kwa makini: mwisho ni karibu mara mbili ya mwanzo. Aliyezichagua alitaka kila wimbo uwe na kiti kimoja tu, asisumbuliwe na nusu wala maradufu, na kwa muziki aliokuwa akiufikiria ilikuwa akili nzuri. Sasa weka singeli mbili, moja ya mapigo 190, nyingine ya 200, katika masafa ya 98 hadi 195. Ya kwanza inakaa kwenye 190. Ya pili imepita ukuta, kwa hiyo inaandikwa 100. Ni nyimbo ndugu, zinazoweza kuoanishwa kwa kusogeza kitelezi asilimia tano tu, na programu inaziona kama mbio na matembezi. Ukibonyeza kitufe cha kuoanisha, programu isiyojua habari ya maradufu itajaribu kuukimbiza wimbo wa pili karibu mara mbili ya kasi yake. Inayojua itauliza kwanza: je, hii 100 haiwezi kuwa 200? Swali hilo moja ni ufundi, na aliyeliandika anastahili soda.

Tusiwe wakali kupita kiasi hapa. Kuna anayecheza singeli ya 220 kwa hatua 110, mabega yakienda mbio na miguu ikitulia, na hakosei. Kuandika 110 si uongo. Kosa ni kuamini kwamba wimbo una jibu moja, kisha kuufungia humo. Chakacha ya Mombasa na Lamu inalionyesha hilo waziwazi zaidi, maana mapigo yake madogo sita hugawanyika mawili kwa matatu au matatu kwa mawili, na ngoma moja huweza kushika mgawanyo huu huku nyingine ikishika ule. Programu iliyozoea nne kwa nne hupata hapo majibu mawili yaliyoachana kwa moja na nusu, ambayo hata kile kipimo cha pili cha mashindano, pamoja na upole wake wote, hakikuyasamehe. Wachezaji hawagombani. Wanajua kiuno kinafuata ipi na kofi linafuata ipi.

Halafu kuna muziki usiopigwa na saa. Piga Sina Makosa ya Les Wanyika, au wimbo wowote mrefu wa Franco na TPOK Jazz unaoanza taratibu na kuingia kwenye sebene, gita zikishika usukani na mpiga dramu akiongezeka moto. Hapa uvumilivu wa utepe niliousifu unageuka kuwa balaa. Tuseme bendi imeanza na mapigo 118 na kupanda polepole hadi 124 katika dakika sita. Kwa kupima mwanzo na mwisho, programu inapata mapigo 121, inachora gridi iliyonyooka, na gridi hiyo inagusa pigo la kwanza na pigo la mwisho bila kosa. Katikati ya wimbo iko nje kwa mapigo manne na nusu. Kila pigo kati ya hapo na pale limewekwa mahali ambapo hakuna aliyepiga kitu. Dhana moja, kwamba wimbo una kasi moja, imeifanya programu iwe mahiri kabisa kwa muziki wa mashine na kipofu kwa muziki wa watu.

Dawa yake ni gridi inayopinda, inayomfuata mpiga dramu pigo kwa pigo, na programu kadhaa sasa zinayo. Lakini gridi inayopinda huleta swali ambalo gridi iliyonyooka haikuwa nalo: nani amfuate nani? Ukiuoanisha wimbo wa kielektroniki na rumba ya zamani, ama rumba inyooshwe ifuate saa, na sebene ipoteze ule mpando wake wa makusudi, ama wimbo wa saa ufundishwe kupumua na bendi. Na mabadiliko yafuatwe kwa wepesi gani? Ukifuata kila pigo, hata kigugumizi cha mpiga dramu katika pigo moja kitahamia kwenye wimbo wa jirani. Ukifuata taratibu mno, umerudi kwenye mstari ulionyooka. Mahali fulani ndani ya programu kuna namba inayosema ni mapigo mangapi yasikilizwe kabla ya kuamini kwamba kasi imebadilika kweli. Namba hiyo haipatikani kwenye kitabu cha fizikia. Anayeiweka amesikiliza, akacheza, akairekebisha, akasikiliza tena.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, imekuja na haihitaji mizani wala masafa ya mtu. Ni kweli imeleta hatua kubwa. Tangu Sebastian Böck na mwenzake wa Linz, Austria, walipoonyesha mwaka 2011 kwamba mtandao unaweza kujifunza kutabiri mapigo kutoka kwenye sauti yenyewe, mbinu za zamani zimeachwa nyuma katika vipimo vingi. Ila mtandao hujifunza kutokana na nyimbo ambazo binadamu ameshaziwekea alama za mapigo. Tazama ni nyimbo zipi. Mkusanyo uliotumika kwa miaka mingi ni wa dansi za kumbi za mashindano: waltz, tango, quickstep, jive, na rumba, ambayo ni rumba ya wachezaji wa viatu vya kung'aa, si ya Kinshasa. Mkusanyo mwingine maarufu, GiantSteps wa mwaka 2015, una vipande 664 vya muziki wa dansi wa kielektroniki. Mikusanyo hii imefanywa kwa uangalifu na imewasaidia wengi. Lakini mtandao uliolelewa nayo umeazima masikio ya waliokuwepo. Zamani sikio la kuazima lilionekana: ilikuwa namba 120 kwenye mstari mmoja wa programu, na yeyote aliyejua kusoma aliweza kuibadilisha. Sasa limetawanyika ndani ya mamilioni ya namba ambazo hakuna anayeweza kuzinyooshea kidole. Upendeleo haukuondoka, umekosa tu anwani.

Pingamizi linalosemwa kwa uchungu zaidi ni la ma-DJ wenyewe: kitufe cha kuoanisha kimeua ufundi. Mtu alijifunza miaka, leo kijana anabonyeza mara moja. Sitalipuuza. Kuna kitu kimepotea kweli, na si heshima ya wazee tu. Aliyejifunza kuoanisha kwa mkono alilazimika kuusikia wimbo kwa ndani, akajua besi inaingia wapi na mpiga dramu anateleza wapi, na maarifa hayo yalimfaa katika mambo mengine yote. Anayeitegemea mashine anaweza kufika mbali bila kuyapata, mpaka siku mashine itakapomdanganya kwa kujiamini mbele ya watu, naye asijue pa kushika. Hata hivyo, ukihesabu muda, kuoanisha kwa mkono kulikula sehemu kubwa ya dakika alizokuwa nazo DJ kati ya wimbo na wimbo, na kuchagua wimbo unaofuata kukabaki na masalia. Mashine ilipoichukua kazi hiyo, mikono ilipata nafasi. Watayarishaji wa singeli hupanda jukwaani na kompyuta mpakato, wakiigonga kibodi yake kama chombo cha kupigwa, wakikata na kurudia vipande vifupi mno kwa kasi ambayo kidole juu ya santuri kisingeifikia. Huo ni ufundi uliozaliwa kwa sababu mwingine uliachia kiti. Kisha kuna upande ambao lawama hiyo huusahau kabisa: kuoanisha hakukufa, kulihama. Kuliingia katika mikono ya yule aliyeamua mapigo mangapi yasikilizwe, masafa yaanzie wapi, 127.997 iwe nini.

Ndiyo maana nazipenda programu zinazokiri shaka. Mixxx, programu huria iliyoanza mwaka 2001, hutumia mbinu za kutambua mapigo zilizotoka Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, na humwachia mtumiaji achague kama wimbo uchukuliwe kuwa na kasi moja au la. Kuna vitufe vya kuifanya kasi nusu au maradufu, kuna cha kugonga kwa kidole ukifuata wimbo, kuna kufuli la kuilinda gridi uliyoirekebisha ili programu isije ikaipindua. Mtu anaweza kuuliza nani ana muda wa kushauriana na mashine kwenye giza la ukumbi. Hakuna, na si hapo panapohusika: uchambuzi wa nyimbo hufanywa mapema, nyumbani, mchana, mtu akiwa na chai mezani, na hapo shaka ina nafasi yake. Programu ingeweza kuonyesha majibu mawili badala ya moja, ikasema sehemu hii nina hakika nayo, hii sina, nisaidie. Nyingi hazifanyi hivyo. Huandika namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta na kunyamaza.

Na marekebisho yanayofanywa na DJ hubaki kwenye kompyuta yake. Kila siku Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura na Goma kuna mtu anayebonyeza kitufe cha maradufu kwa singeli, anayenyoosha au kupinda gridi ya wimbo wa zamani wa bendi, na maarifa hayo yanaishia hapo, hata kompyuta ikaibwa au ikafa nayo. Ilhali GiantSteps ulipatikana hasa kwa njia hiyo: watumiaji wa duka la muziki la Beatport walikuwa wakilalamika kwamba kasi iliyoandikwa si sahihi na kutaja iliyo sahihi, na watafiti wakayakusanya malalamiko yao. Mkusanyo wa singeli, chakacha, mchiriku na sebene hauhitaji maabara. Unahitaji nyimbo zenye ruhusa ya wenyewe, muda wa kila pigo ulioandikwa na anayeujua muziki huo, na jibu la zaidi ya mtu mmoja kwa kila wimbo: mwimbaji anahesabu ipi, mpiga ngoma ipi, anayecheza ipi. Pale watatu hao wanapotofautiana, majibu yote matatu yaandikwe, na mtandao ufundishwe yote matatu.